Darasa la Utando

Kwa miaka thelathini na sita aliyofundisha baiolojia mjini Salatiga, Mwalimu Mardikun alilizoea jambo moja: ikifika dakika ya kumi na mbili ya kipindi, vichwa huanza kuanguka. Somo alilijua ndani nje, na hakuwa mvivu wala mkali. Ila sauti yake ilikuwa nyororo, haipandi haishuki, na wanafunzi wakambandika jina la Shuka. "Kipindi cha pili tuna nani?" "Tuna Shuka, lete mto." Jina hilo alilijua, na wala hakulichukia. Alistaafu na miaka sitini, mkewe akafariki miaka minne baadaye, naye akabaki na paka mmoja, bustani ya mchicha, na tabia ya kueleza kwa sauti mambo ambayo hakuna aliyemuuliza.

Alikuwa na miaka sabini siku ile Wanti, binti wa mdogo wake, alipoingia uani bila hodi, kakumbatia katoni.

"Baba Mkubwa, niokoe."

"Kaa kwanza. Umekunywa chai?"

"Chai baadaye. Yule mtaalamu wa kutoka Semarang kapata tetekuwanga."

"Mtu mzima?"

"Mtu mzima na ndevu zake. Jumapili ndiyo hiyo, viti nimeshakodi."

Wanti alikuwa amejiunga na biashara ya vidonge vya madini miezi mitatu nyuma. Vidonge vyenyewe viliitwa Selmuda, maana yake seli changa, na kazi yake, kama alivyofundishwa kuikariri, ilikuwa kutunza utando wa seli ili mtu asizeeke upesi. Kila Jumapili wazee wa mtaa walipomaliza mazoezi ya viungo mbele ya ukumbi, mtaalamu alitoa maelezo, kisha Wanti akauza. Sasa mtaalamu alikuwa kitandani anajikuna.

"Nataka dakika ishirini tu," akasema Wanti. "Utando ni nini, madini yanafanya nini pale, uzee unaudhuru vipi. Ukimaliza unakaa, mengine niachie mimi."

Mwalimu akatoa chupa moja katonini, akavaa miwani. Nyuma palikuwa na maandishi madogo: magnesiamu, zinki, seleni, kalsiamu, na vipimo vyake. Mbele, kwa herufi nene za dhahabu: Rudisha seli zako miaka ishirini.

"Haya ya nyuma nayafahamu," akasema. "Haya ya mbele sijui nani kayaota."

"Basi sema ya nyuma."

"Nikiulizwa la mbele je?"

"Nani akuulize, Baba Mkubwa? Wale mawazo yao yote yatakuwa kwenye ndizi za kukaanga."

Mwalimu akakubali. Wanti alipoondoka tu, akaenda jikoni akaloweka mayai sita kwenye siki.

Jumapili asubuhi wazee arobaini na kitu walikuwa wamekaa, wamevalia suti zao za mazoezi za zambarau, jasho halijawakauka, taulo shingoni. Mwalimu alisimama mbele na bakuli lake. Macho yake yalikwenda kwenye saa ya ukutani. Saa mbili na dakika tano. Kwa hesabu yake, saa mbili na dakika kumi na saba wangeanza kukoroma.

Akalitoa yai la kwanza. Siki ya siku mbili ilikuwa imelila ganda lote, limebaki yai tupu, laini, linapitisha mwanga, kiini cha njano kikiogelea ndani kama jua la asubuhi nyuma ya pazia.

"Ganda lilikuwa kalsiamu," akasema kwa sauti yake ileile. "Siki imelimaliza. Huu uliobaki ni utando. Si utando wa seli hasa, msije mkasema Mardikun kawadanganya, huu ni mfano. Wa seli ni mwembamba mno. Panga tando elfu kumi, moja juu ya nyingine, ndipo utapata unene wa unywele mmoja."

"Unywele wa nani?" akauliza Mzee Wagiman, mwanajeshi mstaafu ambaye kichwa chake kilikuwa kinang'aa kama sinia. Watu wakacheka.

Mwalimu akatoa la pili, lililolala kwenye maji tangu jana. Lilikuwa limevimba, limenenepa, linatetemeka likiguswa. Akatoa la tatu, lililolala kwenye maji mazito ya sukari. Lile lilikuwa limenywea, limekunjamana, linatia huruma.

"Huyo wa sukari ni mimi mtupu," akasema Mzee Wagiman. "Nipeni nimshike ndugu yangu."

Mayai yakaanza kutembea kiti kwa kiti. Wazee waliyapokea kwa mikono miwili kama wanavyopokea mtoto mchanga, wakayainua kwenye mwanga, wakayanusa, wakabishana. Lile lililovimba likafika kwa Mzee Wagiman, ambaye alitaka kujua likidondoka litaruka au halitaruka. Halikuruka. Lilipasuka juu ya viatu vyake vipya, na ukumbi mzima ukaangua kicheko hadi mama mmoja akaanza kukwama pumzi, ikabidi apigwepigwe mgongoni.

Katikati ya vicheko hivyo mkono ukainuka mstari wa mbele. Alikuwa Bi Sawitri, mama lishe wa pembeni ya soko, mjane wa miaka sitini na minne, mwenye kilemba cha njano na kijidaftari cha kuandikia wateja wake wanataka nini. Mtaa mzima uliujua mchuzi wake wa karanga, ule anaoumwagia juu ya mboga za majani, na ulimi wake ulijulikana zaidi ya mchuzi.

"Mwalimu, mlango uko wapi?"

"Mlango wa ukumbi?"

"Wa huo utando. Kama umeziba pande zote, chakula kinaingiaje? Na taka zinatokea wapi?"

Mwalimu Mardikun akaweka bakuli chini. Kwa miaka thelathini na sita alikuwa amelitamka swali hilo mwenyewe na kulijibu mwenyewe, mbele ya vichwa vilivyolala, akisubiri siku mtu atakapomtangulia kuliuliza. Akatazama saa. Ilikuwa saa mbili na dakika thelathini na moja, na macho yote arobaini na kitu, yaani themanini na kitu, yalikuwa wazi.

"Milango ipo," akasema, na kwa mara ya kwanza maishani sauti yake ikapanda. "Ipo maelfu, na kila mlango una bawabu wake. Kuna mabawabu wanaofungua tu, na kuna wanaosukuma, usiku na mchana, chumvi nje, chumvi ndani. Kusukuma kunataka nguvu, na nguvu hiyo haifanyi kazi bila magnesiamu. Sasa, utando wenyewe ni mafuta. Mafuta yakikaa sana yanakuwaje, Bi Sawitri?"

"Yanachacha."

"Yanachacha. Hata ya mwilini. Kuna cheche ndogo ndogo zinayaunguza, na mwili una wazima moto wake. Wazima moto hao wanahitaji seleni kidogo. Kidogo sana. Ukizidisha, nywele zinanyonyoka."

Watu wote wakageuka kumtazama Mzee Wagiman.

"Mimi nimeila tangu shule ya msingi," akasema Wagiman.

Ndipo likaja lile swali lililokuwa kwenye chupa. Aliliuliza Wagiman mwenyewe, safari hii bila mzaha, akifuta kiatu: je, wakimeza vidonge hivi, ujana utarudi? Wanti, pembeni, akaanza kutikisa kichwa chini juu, chini juu, akimtazama Baba yake Mkubwa kwa macho ya kuomba.

"Hapana," akasema Mwalimu. "Hakuna aliyewahi kurudishwa. Mtu aliyepungukiwa na madini haya ataumia, na akipewa atapata nafuu. Aliyenayo ya kutosha, akiongeza, mengi ataenda kuyakojoa. Utakuwa na mkojo wa kitajiri, basi. Kapimeni zahanati. Na kuleni tempe ya maharage ya soya, karanga, mchicha, dagaa. Bi Sawitri anayauza yote kwenye sahani moja."

Wanti akafunika uso kwa katoni. Siku hiyo aliuza chupa mbili, na moja ilinunuliwa na mama mmoja aliyependa rangi ya kifuniko.

"Umenimaliza," alimwambia njiani.

"Nimesema ninachojua."

"Nilidhani unajua kidogo, Baba Mkubwa."

Lakini Mwalimu hakuwa anasikia vizuri. Alikuwa anatembea kama mtu aliyevaa viatu vya hewa, na alipita nyumba yake, akapita na ya jirani, akaja kushtukia yuko mbele ya duka la mayai. Akanunua trei nzima. Mwenye duka akamuuliza kama anaoza binti.

Wazee walitaka Jumapili nyingine, na walipopewa Jumapili wakataka na Jumatano. Wiki ya nne walikuwa sabini, wengine wakitoka mitaa ya juu kule barabara ya kuelekea Kopeng. Walijifunza jinsi kitunguu kinavyoonekana chini ya hadubini ya zamani ya Mwalimu, wakapanga foleni ndefu kukichungulia, na aliyechungulia alirudi mwisho wa foleni achungulie tena. Mtaani salamu zikabadilika. "Utando wako vipi?" "Unavuja kidogo tu, nashukuru." Mume akisahau kufunga bomba, mke alisema, "Bawabu wako kalala." Kijana aliyemruka mzee kwenye foleni ya benki aliambiwa mbele ya watu kwamba hana zinki, akaondoka akiwa na wasiwasi wa kweli.

Mwalimu naye alinunua shati la bluu. Alianza kuchana nywele mara mbili kwa siku, na kila Jumatatu, Jumanne, Alhamisi na Ijumaa alikula chakula cha mchana kwa Bi Sawitri.

"Mwalimu, leo tena?" Bi Sawitri alimuuliza, akisaga karanga na pilipili kwenye kinu chake cha jiwe.

"Nafuatilia magnesiamu."

"Ifuatilie taratibu. Jana umemaliza mchicha wa wateja watatu."

Habari za watu sabini zikafika Semarang, kwa wenye vidonge. Ikaonekana ajabu kwamba mtaa wenye wasikilizaji wengi kuliko wote ndio uliouza chupa chache kuliko yote. Jumapili moja akaja msimamizi wa mauzo, Bwana Lukito, mtu wa miaka hamsini na tano, mpole, amefunga tai kwenye joto, na karatasi mbili zilizopigwa chapa. Alimwomba Mwalimu azisome kama zilivyo, bila kupunguza neno.

Mwalimu akapanda mbele, akavaa miwani, na kwa mazoea ya miaka mingi mkono ukaingia mfukoni ukatoka na kalamu nyekundu.

"Sentensi ya kwanza," akasoma. "'Kila maradhi huanzia kwenye utando wa seli.' Darasa?"

"'Kila' ni neno kubwa," darasa likajibu.

"Malaria huanzia wapi?"

"Kwa mbu."

Akaweka alama ya kosa. "'Wanasayansi wote wamekubali.' Darasa?"

"Majina yao?"

Akaweka nyingine. Sentensi ya tatu ilihusu kurudi miaka ishirini nyuma, na hiyo hawakusubiri kuulizwa, walicheka tu. Karatasi zilipokwisha zilikuwa na vema tatu na makosa kumi na moja, na Mwalimu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuvunja moyo, aliandika chini: Mwandiko mzuri. Ongeza bidii.

Bwana Lukito alikuwa mwekundu hadi masikioni. Bi Sawitri akainua mkono.

"Baba, wewe mwenyewe unavimeza?"

Bwana Lukito akatazama viatu vyake. "Nilijaribu," akasema. "Tumbo langu haliviwezi. Ila mama, niwaulize na mimi. Misuli ya miguu yangu inakaza sana nikilala. Hiyo ni magnesiamu?"

Hapo ukumbi mzima ukamhurumia. Alipewa kiti, chai ya tangawizi na ndizi ya kukaanga. Mwalimu alimuuliza kama ana dawa anazotumia. Akasema anameza ya presha, ile inayompeleka chooni kila mara. Mwalimu akamwambia dawa ya namna hiyo inaweza kutoa madini pamoja na maji, kwamba yeye ni mwalimu tu si daktari, na kesho asubuhi amweleze daktari wake yote mawili, dawa na miguu. Bwana Lukito akaandika kwenye kiganja. Aliondoka na sahani ya mboga aliyofungiwa, na hakuleta tena karatasi. Wanti alirudisha katoni zake, akabaki na wateja tisa tu, wale ambao zahanati iliwaambia kwa kipimo kwamba wamepungukiwa. Kilichompa kazi sasa ni darasa, maana alijikuta ndiye katibu.

Na ni darasa lenyewe lililodai mtihani. Mzee Wagiman ndiye aliyesimama.

"Tunasoma, tunasoma, na hatujafeli hata mmoja. Darasa gani hili?"

Mwalimu akatunga maswali ishirini. Siku ya mtihani wazee hamsini na wanane waliketi mita moja moja, penseli mkononi, vifua vinadunda. Miwani ilikuwa haitoshi, ikawa inapita kutoka pua hadi pua. Mtu aliomba kwenda msalani kabla hata karatasi hazijagawiwa. Mzee Wagiman, aliyekuwa amewahi kuvuka mito chini ya risasi, alisema anahisi kichefuchefu.

Mwalimu alitembea kati ya safu, mikono mgongoni, furaha imemjaa mpaka kooni. Ndipo alipofika mstari wa mbele akaona kilemba cha njano kimeinama, na chini ya meza, kwenye mapaja, kijidaftari kimefunguliwa. Ukurasa mzima: magnesiamu, bawabu, seleni, wazima moto.

Akasimama. Bi Sawitri akainua uso. Darasa zima likaacha kuandika.

Mwalimu Mardikun alikuwa mpole katika kila jambo isipokuwa moja. Aliwahi kumpa sifuri mtoto wa mkuu wa shule. Aliwahi kumpa sifuri mpwa wake mwenyewe. Akauchukua ule mtihani, akatoa kalamu yake, na akachora duara jekundu.

Bi Sawitri akafunga kijidaftari. Alikusanya mkoba wake, akatoka wima kama mlingoti.

Siku tatu kibanda chake kilikuwa wazi kwa kila mtu ila Mwalimu. Akisogea, mchicha umekwisha. Akirudi, karanga zimekwisha. Siku ya nne Wanti akamfuata bustanini.

"Baba Mkubwa, unajua kwa nini alifanya vile?"

"Udanganyifu ni udanganyifu."

"Alitolewa shule darasa la nne, akamsaidie mama yake kuuza. Hajawahi kupewa karatasi yenye alama hata siku moja. Alikuwa ameshanunua fremu."

Mwalimu akaweka chini ndoo ya maji. Akaingia ndani, akavaa lile shati la bluu, akatoka bila kuchana nywele.

Ilikuwa saa sita na nusu, kibanda kimejaa. Bi Sawitri alikuwa anasaga karanga kwa nguvu ambayo karanga hazikustahili.

"Mchicha umekwisha," akasema bila kutazama.

"Sikuja kula. Nimekuja kusimamia mtihani wa marudio. Wa mdomo."

"Nina wateja."

"Wateja watasubiri," akasema mteja mmoja, na wengine wakageuza viti.

"Swali la kwanza. Magnesiamu inafanya nini mlangoni?"

Jiwe likasimama. Kisha likaendelea, polepole. "Inawapa mabawabu nguvu ya kusukuma."

"La pili. Kwa nini utando unachacha?"

"Kwa sababu ni mafuta. Mwalimu, hilo hata paka wako analijua. Uliza la maana."

Akauliza la maana. Akauliza kumi na saba mengine, na Bi Sawitri akayajibu huku akisaga, akichota, akimwagia, akifunga majani ya migomba, uso unazidi kung'aa, na kila jibu wateja wakigonga vijiko. Alikosea moja tu. Alisema zinki iko kwa wingi kwenye mihogo.

"Tisini na tano," akasema Mwalimu.

"Kwa nini si mia?"

"Mihogo."

"Umewahi kuila mihogo yangu?"

"Nimeila. Ni mitamu, haina zinki ya maana."

"Mbishi wewe."

"Nabisha kwa haki." Mwalimu akanyoosha shati lake la bluu. Kitu kilikuwa kinamrukaruka kifuani kama anayeshuka mteremko kwa baiskeli isiyo na breki. "Kuna swali la ziada. La alama tano. Bi Sawitri, mimi nina miaka sabini. Utando wangu wote una miaka sabini. Hakuna kidonge kitakachoupunguza. Ungekubali kukaa nao nyumba moja?"

Mtu mmoja alikuwa amejaza mdomo mboga, akaacha kutafuna.

Bi Sawitri alifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja, akichukua muda wake wote.

"Hilo halikuwa kwenye mtaala," akasema.

"Halikuwa."

"Basi nipe wiki nijisomee." Akachota mchicha, ule uliokuwa umekwisha, akajaza sahani mpaka ukamwagika pembeni, akamsukumia. "Na kaa chini ule. Nywele zako leo zimesimama kama jogoo aliyenyeshewa, na watu wote hawa wanatutazama."

Hakuchukua wiki. Alichukua hadi wateja walipopungua, yapata saa nane, ndipo akakubali na kudai mia yake, na wakati huo Mwalimu alikuwa bado anakula.